Jina Nililoliruka

Rosalie alisema kitabu kile kilifaa kuwashia moto. Annonciata alisema hapana, kisomwe tena toka mwanzo, maana kuna mahali mwandishi amemficha mtu. Verdiane, aliyekuwa na miezi mitatu tu ya ndoa, alisema tangu Jumapili tulipokianza mume wake akikohoa tu yeye anashtuka. Na baba mkwe wangu, ambaye hakujua hata herufi moja, ndiye aliyekuwa na maoni mazito kuliko wote. Ya kwake nitayasema zamu yake ikifika.

Kitabu chenyewe sinacho tena. Kilichukuliwa na ofisi ya teritware, yaani serikali ya wilaya, kule Masisi pamoja na vitu vingine viwili, nami sikwenda kukidai. Hapa Bihambwe kila mtu anakieleza kwa namna yake, na wapo wanaoapa kwamba kilikuwa kitabu cha uchawi. Uongo mtupu. Kilikuwa hadithi ya Kifaransa ya karatasi nyembamba, isiyo na jalada, na kosa halikuwa la kitabu. Kosa lilikuwa langu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sipendi kusingizia wala kusingiziwa, basi niacheni niseme mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa 1956. Mume wangu Evode alikuwa kapita, msimamizi wa vibarua, kwenye shamba la kinini, ile miti ya dawa ya malaria. Madame, mke wa mwenye shamba, alikuwa anarudi kwao Ulaya, akampa Evode sanduku la sahani zilizopasuka kingo. Kitabu kilikuwa kimesukumwa katikati ya sahani zisigongane. Mimi nilisoma miaka mitano kwa masista, na Kifaransa sikukisahau. Kila Jumapili baada ya misa wanawake watatu wa jirani, hao niliowataja, walikuja kwetu tuchambue maharagi pamoja, wakanibembeleza niwasomee. Macho yangu yakawa yanasoma Kifaransa, mdomo unasema Kiswahili.

Hadithi ilimhusu fundi wa saa katika mji wa mawe ulio kando ya mto. Mke wake ametoroka na mwanamume mwingine, ndivyo mji mzima unavyojua, akamwacha mtoto wa kiume, Pierre. Kila mwezi barua ya mama inafika: niko mzima, mwanangu, iko siku nitarudi. Baba anamsomea mtoto barua hiyo mezani kwa sauti tamu. Nyumbani mna saa arobaini ukutani, na hakuna mbili zinazolia pamoja. Yuko pia msichana wa kazi, Adelaïde, anayepangusa vumbi na kusikiliza. Damu hakuna, wala kelele. Saa tu, na mtu mpole. Na bado, tulipofika ukurasa wa ishirini, Verdiane alikuwa ameacha kuchambua na ameukumbatia ungo.

Jumapili ya kwanza maoni yote yalikuwa upande wa fundi.

"Huyu bwana iko muntu muzuri," alisema Rosalie. "Ule bibi njo mubaya. Kuacha mutoto sawa vile? Angepashwa kupigwa fimbo mbele ya kanisa."

Sasa kosa langu. Huyo fundi wa saa alikuwa na jina, na jina lake lilikuwa lile lile la ubatizo la baba mkwe wangu. Kwetu mke wa mtu halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji mbele yake, wala kisimani, wala akiwa peke yake katikati ya mtama. Akilitaja ni kama amekunja mkeka wake na kusema nyumba hii siitaki tena. Tangu niolewe ulimi wangu ulikuwa umejifunza kuliruka, kama mguu unavyoliruka jiwe la mlangoni bila kuangalia. Basi kila nilipolikuta kitabuni nilisema "yule fundi" nikaendelea. Ningeweza kumpa jina jingine, nimwite Paulo, yakaisha. Halikunijia. Ningali nikijilaumu kwa hilo, na siku nyingine ninashukuru.

Inafaa mumjue baba mkwe wangu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuna aliyemwona akimpiga hata ng'ombe. Maziwa ya kwanza ya jioni alisema yaletwe kwangu, kwa sababu nilikuwa na mimba ya miezi saba. Wanawake waliniambia nimebarikiwa, nami niliitika, kwa maana ilikuwa kweli.

Mke wake, Mukandori, mama wa Evode, alikuwa ameondoka mwaka wa 1944, wakati wa vita, watu walipokuwa wakikamatwa kwa kazi ya barabara na malori yakipita kila wiki kwenda Walikale. Evode alikuwa na miaka tisa. Aliamka asubuhi, baba yake akamwambia mama amepanda lori la Walikale na dereva. Hakumwambia zaidi ya hapo. Lakini kila baada ya mwaka mmoja au miwili, maharagi yakishavunwa, baba alirudi kutoka soko la Masisi na habari: ameonekana kwenye kambi ya mgodi mbele ya Walikale, anauza pombe, amekuuliza. Evode alikwenda mara mbili kwa miguu. Ya kwanza alirudi miguu imevimba. Ya pili, mwaka mmoja kabla ya ndoa yetu, aliletwa akiwa na homa iliyokaribia kumuua. Huko hakuna aliyemjua Mukandori.

"Ninamutafuta nimutukane," aliniambia. Mimi ninayelala ubavuni mwake ninajua kwamba hakuwa na tusi lolote. Alikuwa na swali moja, kwa nini uliniacha, na swali hilo lilikuwa linamla kama funza. Alisema mtoto wetu akiwa wa kike asipewe jina la bibi yake kamwe.

Na wiki ileile tuliyoanza kitabu, baba mkwe alirudi kutoka sokoni, akavua kofia, akasema kwa upole kwamba Mukandori ameonekana tena. Evode alipanga kuondoka Jumatatu ya wiki ya tatu.

Jumapili ya pili tulikuwa tumekaa uani, ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa. Nyuma ya lupango, ua wa nyumba yetu, baba mkwe alikuwa anapasua matete ya kuurekebishia. Tulisikia kisu chake, kra, kra. Nilikuwa ninasoma jinsi Pierre anavyozilalia barua za mama yake chini ya mto wa kitanda. Annonciata akainua kichwa. Alikuwa mjane mzee, mkali wa masikio, na zamani alikuwa rafiki wa Mukandori.

"Céline, miye niko na swali. Pierre iko na jina. Mutumishi iko na jina. Hata mbwa ya jirani iko na jina. Huyu fundi peke yake njo hana?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Mkono wa Rosalie ulisimama ndani ya maharagi. Wanawake wa kwetu hawahitaji kuelezwa mara mbili: yuko mwanamume mmoja tu duniani ambaye mimi siwezi kulitaja jina lake. Ndipo nilipogundua kwamba nyuma ya lupango kisu nacho kimesimama.

"Endelea kusoma," alisema Annonciata.

Nikasoma. Baada ya muda kisu kikaanza tena, taratibu.

Kuanzia hapo maoni yakageuka, na hakuna aliyekiri kwamba yamegeuka. Rosalie, aliyetaka mke apigwe fimbo, sasa alisema labda mwanamke huyo alikuwa na shida zake. Verdiane aliuliza kama kuna mtu mwingine mjini aliyemwona akiondoka. Annonciata alitaka kujua alibeba nini. Nikarudisha kurasa nyuma, nikawaambia kitabu kinasema shali yake ya sufu bado inaning'inia msumarini.

"Mwanamuke mwenye kukimbia," alisema Annonciata, "anaacha sufuria, anaacha kitanda. Haachake kisabo ya mama yake."

Kisabo ni kibuyu chetu kikubwa cha kusukia maziwa. Binti anapewa na mama yake siku ya kuolewa, na akiachika anaondoka nacho kifuani. Jikoni kwangu kilikuwepo kimoja, cheusi kwa moshi, kimefungwa kamba ya zamani. Nilikikuta nilipoolewa, nami nilikitikisa kila asubuhi.

"Mama Annonciata, mu kitabu hamuna kisabo," nilisema kwa ukali.

"Najua," alisema, akaendelea kuchambua.

Niliwakasirikia wote. Nilisema moyoni kwamba hawa ni watu wa kutafuta moshi pasipo moto, kwamba baba wa watu amelea mtoto peke yake miaka kumi na miwili na shukrani yake ndiyo hii. Nikasoma kwa haraka ili tumalize. Tulifika mahali Adelaïde anaposafisha meza ya fundi. Anakuta karatasi ambayo fundi alimwandikia mteja, anaiweka kando ya barua ya mama. Mwandiko ni mmoja. Barua zote, miaka yote, zimetoka katika mkono uleule unaomsomea mtoto. Wakati huohuo anasikia miguu inapanda ngazi.

Na hapo kitabu kikaisha. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Nafikiri mpishi wa Madame alikuwa amezitumia kuwashia makaa ya pasi.

Verdiane alikaribia kulia. Alisema mama yu hai, amefungiwa chumba kilicho nyuma ya saa, ndiyo maana saa ni nyingi, zisikike zenyewe tu, si sauti yake. Rosalie alisema mto upo kwa nini kama si kwa kutupia mtu. Annonciata hakusema. Alikusanya maharagi yake akaenda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ninatikisa kisabo. Mkono ukasimama wenyewe. Nilikuwa nimejiuliza swali dogo: habari za Walikale, nani mwingine aliwahi kuzileta? Nikahesabu. Hakuna dereva aliyewahi kuingia nyumbani kwetu. Hakuna mchimba mgodi, hakuna mchuuzi wa chumvi. Zote zilitoka mdomo mmoja. Na kila mara zilifika wakati Evode ameanza kutulia: aliponunua ndama wake wa kwanza, tulipoposana, na sasa, mimba yangu ilipoonekana. Niliketi chini na kile kibuyu mapajani na sikuthubutu kukitikisa tena. Maziwa ndani yalikuwa bado yanacheza.

Nilijaribu na Evode. Nilimwuliza kama amewahi kumsikia mtu mwingine akisema amemwona mama yake.

"Weye unataka nisiende," alisema. "Sema ile tu, usizunguke." Akatoka. Mtu anayetafuta kitu miaka kumi na miwili hapendi kuulizwa kama kipo.

Alhamisi mvua ilikamata toka saa sita. Nilikuwa jikoni peke yangu. Baba mkwe akaja, akaketi kizingitini, kwa sababu baba mkwe haingii jikoni kwa mke wa mwanawe. Alivua kofia, akaikamua maji, akaiweka juu ya goti.

"Céline, mwanangu. Ile kitabu yenu imefika wapi?"

"Imeisha, Papa. Makaratasi ya mwisho haiko."

"Na batu banasema nini juu yake?"

Nikamweleza. Ningefanya nini? Nikamwambia ya Verdiane, akatikisa kichwa. Nikamwambia ya Rosalie, kwamba fundi alimtupa mke wake mtoni. Akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mtoto aliyehesabu mbuzi vibaya.

"Rosalie hajue. Maji hailindake siri. Maji inarudishaka. Na Mama Annonciata?"

"Hakusema kitu."

"Mm." Mvua ilikuwa inaruka kizingitini na kumlowesha mguu, hakuuondoa.

"Miye naona mwenye kuandika hakufikiri muzuri," alisema. "Fundi wake iko na kosa moja mukubwa, njo barua. Barua inabakia. Muntu anaweza kuilinganisha. Neno ya mudomo haibakie. Unaisema, na mwenye kuisikia anaibeba yeye mwenyewe, anaenda nayo mbali."

Nilikuwa nimeshika mwiko, naukumbuka hadi leo, una ufa.

"Na fasi ya kumuweka," aliendelea kwa sauti ileile, "haitafutwe mbali. Muntu wa akili anachimba fasi batu bamezoea kuona udongo mupya. Hakuna mwenye kuuliza. Unatia majani, unatia moto kidogo, sawa vile inafanywaka siku zote. Moshi ikitoka, batu banasema, aa, anafanya kazi yake." Akayasugua magoti yake polepole. "Asubuyi ukiweka mukono pale juu, udongo bado iko moto."

Hakuwa anaungama. Hilo ndilo lililonitia baridi. Alikuwa anatoa maoni, kama Rosalie, kama Verdiane. Msikilizaji anayemsahihisha mwandishi kwa sababu jambo lenyewe analifahamu kuliko yeye. Nafikiri alikuwa amengoja miaka mingi apate mahali pa kulisemea, na kitabu kikampa.

Akasimama, akavaa kofia.

"Siku ya Mungu, misa ikiisha, utabaambia mwisho. Utasema ule bibi alionekana mbali, muzima, na mutoto akaenda kumuona. Batu banapendaka mwisho muzuri." Akatazama tumbo langu. "Na weye upumuzike. Evode akisha kwenda, tutabakia hapa sisi wawili."

Ijumaa nilikwenda kwa Rosalie, nikijifanya ninaazima ungo. Niseme jambo moja ambalo kwetu kila mtu alilijua na hakuna aliyelifikiria. Kila nyumba kilimani petu ina shimo la kuvumbikia ndizi za pombe. Shimo linapashwa moto, ndizi zinalazwa juu ya majani yake, zinafunikwa udongo hadi ziive. Nyumba yetu peke yake haikuwa nalo. Ndizi zetu zilivumbikwa kwa Sebarenzi, mume wa Rosalie, na watu walimtania baba mkwe kwamba mke alipokimbia na nguvu zikakimbia. Nyuma ya nyumba ya ndama, palipokuwa na shimo la zamani, aliotesha tumbaku. Ilikuwa tumbaku nzuri kuliko zote, na hakuruhusu mkono mwingine kuipalilia.

"Dada Rosalie, shimo yetu ilifungwa wakati gani?"

Alifikiri. "Ile mwaka Mukandori alienda. Tuliona moshi ku shimo yenu asubuyi moja, tukasema, wanavumbika. Tukangojea ile pombe." Nikaona uso wake unabadilika kidogo kidogo. "Tulingojea wiki mbili. Pombe haikutoka. Halafu akaleta ndizi mbichi kwa Sebarenzi, akasema shimo yake imeingia maji."

Tulitazamana. Nikageuka kurudi nyumbani. Nilisahau ungo.

Siku mbili zile sikuwa mtu. Nilipika, nikachota maji, nikamwitika "Papa" kila aliponiita. Nilikuwa na uwezo wa kunyamaza. Nikinyamaza, Evode angekwenda Walikale mara ya tatu na huenda asirudi. Akirudi angeendelea kumchukia mama yake hadi kufa, na mimi ningezaa katika ua ule nikiletewa maziwa ya kwanza ya jioni. Nikisema, nani angenisadiki? Mwanamke mwenye mimba, na kitabu kisicho na mwisho. Tena kulisema ni kulitaja jina, na kulitaja ni kuvunja nyumba yangu kwa mkono wangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliogopa hadi meno yaliuma.

Jumapili walikuja wote. Evode naye aliketi kando, anashona mkanda wa mfuko wake wa safari. Baba mkwe safari hii hakubaki nyuma ya lupango. Alileta kigoda chake akaketi mbele yangu, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kwenye misa.

"Tusomee mwisho," alisema. "Evode naye asikie."

Nikafungua kitabu. Sikufungua mwisho. Nilirudi ukurasa wa kwanza kabisa, mahali fundi anapofungua duka lake na kuzitia saa ufunguo. Ulimi wangu ulifika pale ulipozoea kuruka. Nikauzuia.

"Grégoire," nilisoma, "aliamka kabla ya mji."

Verdiane alijifunika mdomo. Evode aliacha sindano ndani ya mkanda. Baba mkwe hakutikisika.

"Grégoire alikuwa mtu mpole. Grégoire hakumpiga mtu. Grégoire alimwambia mwanawe kwamba mama amekwenda mbali." Nikageuza kurasa zote kwa mara moja hadi pale zilipochanwa, nikawa sina tena cha kusoma, nikamtazama Evode. "Mwisho njo hii. Hakuandika barua, alileta maneno ya mudomo tu. Hakumutupa mu maji. Alichimba fasi batu bamezoea kuona udongo mupya, akatia majani, akatia moto, jirani bakaona moshi na bakangojea pombe. Grégoire alimuvumbika. Nyuma ya nyumba ya ndama. Na juu yake akapanda tumbaku."

Ng'ombe mmoja alikuwa anajikuna kwenye ua, matete yanalia.

"Papa," alisema Evode. "Mwambie anyamaze."

Nilikuwa ninangoja akane. Angekana, wangemsadiki yeye. Nusu yangu ilitamani akane. Lakini baba mkwe alikuwa ananitazama mimi, si mwanawe, na usoni hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyesikia kazi yake ikisomwa vizuri.

"Alitaka kwenda kwa mama yake," alisema. "Nilimuambia asiende. Akafunga vitu. Basi nikamubakisha."

Annonciata aliinuka. Alikwenda hadi ukutani, akachukua jembe langu, akampa Evode mkononi. Evode alilitazama kana kwamba hajui ni kitu gani. Halafu akaenda nyuma ya nyumba ya ndama, nasi tukamfuata, isipokuwa baba mkwe, aliyebaki kwenye kigoda chake. Sebarenzi alipoitwa kumlinda alimkuta hapo hapo, na Jumanne polisi wa teritware walimchukua akiwa mpole vilevile.

Evode alichimba tumbaku na mizizi yake. Alichimba hadi kifuani. Chini ya tabaka la makaa meusi ya zamani alikuta bangili mbili za shaba zilizoshikana kama kitu kimoja, na rozari. Hivyo ndivyo vitu viwili vilivyokwenda Masisi pamoja na kitabu. Mabaki yake tuliyazika sisi wenyewe.

Lakini kabla ya hapo, kabla padri hajaja na watu hawajajaa, Evode aliziacha bangili mahali zilipo. Akapanda kutoka shimoni, akageuka kuitazama nyumba ya baba yake, dirisha la chumba alicholala utoto wake wote. Alianza kupiga hatua kutoka shimo hadi dirishani, akihesabu kwa sauti. Zilikuwa kumi na moja. Akarudi, akahesabu tena, kumi na moja. Alikuwa amekwenda Walikale mara mbili.

Nilidhani atalia, au atanifukuza kwa lile jina nililolitaja. Alikuja akaniwekea mkono wenye udongo juu ya tumbo, na uso wake ulikuwa wa mtoto wa miaka tisa.

"Hakuniacha," alisema. "Céline, mama hakuniacha."

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi, wa kike. Evode alimpa jina mwenyewe, na mara nyingi namsikia akimwita kutoka ng'ambo ya bonde, hata wakati hana la kumtuma: Mukandori.